Kabichi Isiyo na Mwenyewe

Mwaka wangu wa kumi na sita Onodani, asubuhi moja ya mwezi wa tano, nilikuta kabichi ndani ya mlango wangu. Ilikuwa imekaa juu ya viatu vya mke wangu, imefungwa kwa gazeti, na pembeni yake vitunguu vitano ambavyo bado vilikuwa na udongo. Hapakuwa na jina wala kikaratasi, na hakuna aliyepiga hodi.

Sikushangaa. Huku kwetu kwenye milima ya Shimane, Japani, mboga hujileta zenyewe. Mtu akivuna zaidi ya anachoweza kula, anafungua mlango wa jirani, ambao haufungwi kwa ufunguo, anaacha mzigo, anaondoka kimya kimya kama aliyeiba. Kumpa mtu mkononi ni kumlazimisha akushukuru hapohapo, na hilo wanalifanya watu wasio na haya. Aliyepata ndiye mwenye kazi ya kupeleleza ni nani aliyeleta, kisha aende kushukuru, na asiende mikono mitupu. Watoto wa huku wanajua upelelezi huo kabla hawajajua kuandika.

Mimi niliujua ukubwani, na ndiyo maana nikawa na majivuno nao. Nilitoka Pangani nikiwa kijana, nikaja kusomea ufundi wa mitambo, nikabaki kutengeneza matrekta madogo ya mpunga katika karakana ya ushirika. Jina langu ni Mbaruku, ila kijiji kizima kiliona ile herufi ya kwanza ni mzigo wa bure, wakanipunguzia, nikawa Baruku. Mke wangu Sanae ni muuguzi katika hospitali ya mjini, na kwao ni Kobe, kwenye maghorofa. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwenyeji ni mimi. Yeye ndiye Mjapani, lakini mimi ndiye ninayejua zamu ya kusafisha mfereji ni ya nani, na huwa namkumbusha hivyo kila ninapopata nafasi.

"Nani kaleta?" Sanae aliuliza, akichomoa kiatu chake chini ya kabichi.

"Niachie mimi," nikasema. "Haya si mambo ya watu wa Kobe."

Nikalikunjua lile gazeti. Lilikuwa gazeti la Osaka, si la mkoa wetu. Katika nyumba kumi na nane za Onodani, mtu anayeletewa gazeti la Osaka ni mmoja tu, Bi Fusae, jirani wa tatu kutoka kwetu. Mwanawe anakaa huko, na ndiye aliyemwandikisha gazeti hilo ili mama azoee taratibu habari za mji ambao alitamani ahamie siku moja. Nikaliweka gazeti mezani, nikatangaza kwamba kesi imekwisha.

"Si umuulize kwanza?" Sanae akasema.

"Mtu haulizwi. Mtu anashukuriwa."

Bi Fusae wakati huo alikuwa na miaka sabini na minane. Ni mfupi, mgongo umeanza kupinda, na anakutazama kama anayehesabu vichwa kabla ya kupakua. Hilo halikumtoka. Alipika katika jiko la shule ya msingi ya kijiji kwa miaka thelathini na moja, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea, mpaka watoto wakaisha na shule ikafungwa. Mumewe alikuwa seremala, naye alifariki miaka miwili kabla ya kabichi hii. Tangu hapo shamba lao la nyuma ya nyumba lilikuwa limeota magugu yaliyofika kiunoni. Nililipita shamba hilo kila siku nikienda kazini, asubuhi na jioni. Mpelelezi mwingine yeyote angejiuliza kabichi imetoka wapi mle. Mimi nilikuwa na gazeti.

Nilimpenda kwa jambo moja hasa. Mabafu ya huku yanasema. Maji yakijaa, kisauti cha mwanamke kinatoka ukutani kukuarifu kwamba bafu liko tayari, na watu wote wanakipuuza. Bi Fusae alikuwa anakijibu. Nilimsikia siku moja nilipokwenda kumtengenezea pampu: "Haya mama, naja, asante kwa kunisubiri." Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilipomsimulia Sanae, yeye hakucheka. Alisema pengine hicho kisauti ndicho pekee kinachomwita kutwa nzima. Nikaona watu wa Kobe hawajui kufurahi.

Basi nikakaanga maandazi ya iliki, dazeni nzima, nikayafunga kwenye kitambaa kisafi, nikaenda.

"Bi Fusae, asante sana kwa kabichi. Tumeifurahia."

Alinitazama, akakitazama kitambaa. "Kabichi?"

"Na vitunguu. Vitamu kweli."

"Mimi sijafanya kitu, Baruku."

Nikacheka. Huku mtu anaweza kukuvua mtoni ukiwa unazama, ukimshukuru akasema hajafanya kitu. "Nawajua, ndiyo maneno yenu hayo," nikamwambia. "Shika, mama. Ni ya kwetu haya, bado ya moto."

Aliyapokea kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akainama, nami nikainama, akainama tena, nikarudi nyumbani kifua mbele. Nilimwambia Sanae kwamba yule mama alikosa hata la kusema kwa furaha.

Mwezi wa sita yakaja matango. Gazeti la Osaka tena. Nikapeleka sambusa. Wiki iliyofuata matango zaidi, na pilipili hoho, na gazeti. Nikapeleka chapati. Kila nilipokwenda, Bi Fusae aliinama zaidi, na uso wake ulizidi kuwa wa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki mbele ya wageni. Nilimuona pia shambani, amevaa kofia ya marehemu mumewe, anakata magugu kwa mundu, anapumzika, anakata tena. Nikajisemea, huyu mama ni mchapakazi jamani, mboga zote anazotuletea na bado anataka kuongeza shamba! Nilimsifu hata karakana.

Ndipo ikafika Jumapili ya kufyeka nyasi za mfereji, mwanzoni mwa mwezi wa saba. Siku hiyo kila nyumba inatoa mtu mmoja saa kumi na mbili asubuhi, na mimi huwa wa kwanza kufika, ili nionekane. Wakati wa mapumziko nilikaa ukingoni pamoja na Mzee Kuramoto, tunakunywa chai baridi ya shayiri. Mzee Kuramoto ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa mpiga ishara wa reli maisha yake yote ya kazi, na ile desturi ya reli ya kunyooshea kidole kila kitu na kukitaja kwa sauti imebaki naye mpaka leo. Akitoka nyumbani unamsikia: "Gesi imefungwa, sawa! Mlango umefungwa, sawa!" Ukikutana naye njiani anaweza kukunyooshea wewe.

"Baruku."

"Naam, mzee."

"Matango ya mwaka huu yakoje? Hayana uchungu?"

"Matango ya nani?"

"Yangu."

"Sijui, mzee wangu. Sijabahatika kuyaonja."

Alininyooshea kidole tumboni. "Matango ya Kuramoto, kilo tisa. Yamo humu. Sawa!"

"Hapana, mzee, haya ni ya Bi Fusae. Yalikuja kwenye gazeti la Osaka."

"Na Bi Fusae akishalisoma gazeti lake, anampa nani la kuwashia kuni za bafu?"

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Ananipa mimi," akasema. "Tangu mumewe alipofariki. Kabichi ilikuwa yangu. Vitunguu vyangu. Hoho, zangu. Wee fundi, yule mama hajapanda hata kitunguu kimoja mwaka wa pili sasa! Shamba lilikuwa msitu. Nguruwe pori walikuwa wanazalia mle. Wewe ulikuwa unapita na macho au bila macho?"

"Nilikuwa na gazeti," nikasema.

Nikageuka kutazama wenzetu. Ghafla watu wote wa Onodani walikuwa wameinamia nyasi kwa bidii kubwa, na mabega ya wengine yalikuwa yanatikisika. Walijua. Nyumba kumi na saba zote zilijua. Ya kumi na nane ni yangu, na baadaye nilikuja kugundua kwamba hata humo nusu walijua, maana Sanae aliambiwa mapema sana. Nilipomuuliza kwa nini hakunitonya alisema, "Si ulisema si mambo ya watu wa Kobe?"

"Sasa mbona hukuniambia, mzee?" nikamuuliza Kuramoto.

"Nikuambieje? Umeshamshukuru mtu. Nikisema ni zangu, wewe unaaibika, yeye anaaibika, na mimi naonekana nina njaa ya kushukuriwa. Nilidhani utaona mwenyewe. Nikaongeza matango. Nikaongeza hoho. Nikasema huyu ataona tu. Wapi! Unapita na sahani mbele ya dirisha langu, unakwenda kwa jirani!"

"Nakwenda kumuomba radhi sasa hivi," nikasema, nikasimama na kikata nyasi mkononi.

"Thubutu! Kaa chini."

Nikakaa.

Akaacha utani. Akaniambia jambo ambalo mimi, katibu wa zamani wa kijiji, mjuzi wa zamu zote, sikuwa nalijua. Bi Fusae alikuwa amekwisha kukubali kuhamia Osaka. Mwanawe, Nobuaki, angekuja katikati ya mwezi wa nane, siku za wafu, wakati watoto wote wa mijini wanarudi kuosha makaburi, naye angeondoka na mama. Nyumba ingefungwa. Shamba lingemwagiwa kokoto ili lisiote tena magugu ya kuwasumbua majirani. Mkandarasi alikuwa ameshapatikana.

"Mwezi wa nne alinigawia vyombo vyake vya jikoni," Kuramoto akasema. "Mpishi akigawa vyombo, ujue. Halafu wewe ukaenda na madude yako yale ya mafuta. Kayala, na kabichi hakutoa. Hakulala. Asubuhi nikaona kafungua banda la marehemu, anatafuta jembe. Akaja kwangu kuomba miche ya biringanya. Nikamwambia umechelewa, Fusae, na si unaondoka? Akaniambia, siwezi kuondoka kijijini na shukrani ya mtu ambayo si yangu. Kwanza nimpe kitu."

Nilitazama mfereji. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na pia, sitaficha, nilifurahi kidogo.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Endelea kuwa mjinga," Mzee Kuramoto akasema. "Unaweza sana. Mshukuru kama kawaida. Mpe deni la moyo, alime."

"Na wewe je? Nikushukuru lini?"

"Mimi usinishukuru kabisa. Ukileta andazi kwangu, atajua kwamba umejua." Akameza mate. "Ila yale ya iliki, harufu yake inafika mpaka sebuleni kwangu. Basi tu."

Nikaendelea kuwa mjinga, na niseme kweli, sikupata shida. Trekta la Mzee Kuramoto nililitengeneza kwa siri, nikabadilisha mikanda na kila kitu, naye akalipiza kwa matikiti maji mawili yaliyofungwa kwa gazeti la Osaka, nikaenda tena kumshukuru Bi Fusae. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

Mwishoni mwa mwezi wa saba alikuja mwenyewe. Alipiga hodi, jambo ambalo huku halifanywi, akanikabidhi mkononi biringanya nne. Zilikuwa ndogo, zimepinda, moja ina tundu la mdudu. Hazikufungwa kwenye gazeti.

"Asante, mama, kama siku zote," nikasema.

"Zile asante za siku zote nilikuwa nakuwekea tu," akasema. "Hii naipokea." Akainama kidogo, akaondoka upesi, mgongo wake uliopinda unatembea kama wa msichana aliyeitwa kwenda kucheza. Sijui kama alijua kwamba nimejua. Nilibaki mlangoni na biringanya mkononi, nikashindwa kucheka.

Baada ya hapo hazikukatika. Biringanya sita, biringanya kumi, biringanya asubuhi kabla sijavaa. Kama ni kulipa shukrani ya kabichi alishamaliza wiki ya kwanza. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Siku mbili kabla ya Nobuaki kufika, Bi Fusae alikuja tena, safari hii bila kitu. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wetu, akakataa chai.

"Baruku, nimefanya kosa. Nimemdanganya mwanangu kwenye simu."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia siwezi kuondoka sasa kwa sababu wewe unategemea mboga zangu. Nikiondoka utapata tabu ya kula."

"Mimi?" Nilishika tumbo langu, ambalo lilikuwepo pale kati yetu kama shahidi.

"Nimemwambia hujui kununua vitu dukani. Hujui kusoma vibandiko."

"Bi Fusae! Nina miaka kumi na sita hapa!"

Aliangalia viatu. "Nimemwambia miwili."

Jamani. Ningeambiwa nimesingiziwa wizi isingeniuma vile. Miaka kumi na minne ya kuinama, ya kuamka kwa ajili ya nyasi, ya kukaa kwa magoti mpaka miguu ikafa ganzi, imefutwa kwa simu moja. Na ungeaminika uongo huo, maana Nobuaki huja mara moja kwa mwaka, anaosha makaburi na kurudi, na hatujawahi kukutana. Lakini nilielewa. Nobuaki ni mtoto mwema, anampigia mama yake kila jioni, anaogopa ataanguka bafuni na hapatakuwa na mtu. Ametayarisha chumba. Mtu kama huyo humwambii tu kwamba hutaki. Huku haisemwi hivyo. Unatafuta mtu mwingine anayekuhitaji, unajificha nyuma yake, na aliyepatikana nilikuwa mimi, tena nyuma yangu pana nafasi.

"Na vijiti vya kulia?" nikauliza. "Nijue kuvitumia, nisijue?"

"Usivijue sana," akasema.

Siku ya kumi na nne ya mwezi wa nane, mchana, tukaenda kwa Bi Fusae, mimi na Sanae, ambaye alikuwa ametoka zamu na sare yake ya uuguzi. Nobuaki alitupokea mlangoni. Ni mtu wa miaka hamsini na kidogo, fundi wa lifti, mpole, ana mikono kama ya baba yake. Meza ilikuwa imejaa biringanya: za kuchoma, za kukaanga, za kuloweka kwenye maji ya chumvi, na katikati sahani moja ya maharage. Ubani ulikuwa unafuka mbele ya picha ya seremala.

"Mama ameniambia habari zako," Nobuaki akasema. "Pole sana kwa shida."

"Shida," nikasema, nikivunja maneno kwa makusudi. "Nyingi. Kula, ngumu."

Alinitazama usoni, kisha akatazama chini kidogo. "Lakini mwili unao."

"Ni maji hayo," Sanae akadakia. "Wa kulaumiwa ni mimi. Nimezaliwa Kobe. Hata wali unanishinda." Alisema hivyo bila kupepesa jicho, mwanamke ambaye madaktari wanagombania chakula chake cha mchana. Mimi nilihitaji siku mbili kuukubali uongo wangu. Yeye alitunga wa kwake palepale.

Nikashika vijiti kama mtu anayeshika makasia. Haragwe la kwanza lilianguka kwenye mkeka. La pili lilimfikia Nobuaki. Bi Fusae akanyanyuka, akaniletea kijiko cha mtoto chenye picha ya sungura, akakiweka mbele yangu bila kunitazama. Nikala nacho. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, na kama ningekuwa mtu wa kunyamaza, yangeendelea hivyo.

"Mkandarasi wa kokoto nimemsogeza mpaka mwezi wa tisa," Nobuaki akasema, "ili tuone hali. Baada ya kusafisha mfereji. Mwaka huu ni zamu ya nyumba za chini, sivyo?"

Bi Fusae akasema hakumbuki.

Angalieni sasa. Hakuna aliyeniuliza. Lakini mtu amekosea zamu ya mfereji mbele yangu, na damu yangu haikuweza kuvumilia. "Sivyo, ni nyumba za juu," nikasema, kwa lafudhi ya Onodani tupu. "Za chini walifanya mwaka jana. Utaratibu wa zamani uliondolewa mwaka ule bwawa lilipopasuka. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, niliuandika kwa mkono wangu, nikauzungusha nyumba kwa nyumba kila mtu akapiga muhuri." Na nilipokuwa nasema hayo nikaweka kijiko chini, nikachukua vijiti, nikaokota haragwe moja kutoka kwenye mkeka bila kulitazama, nikalitia mdomoni.

Ubani ukafuka. Sanae akafumba macho.

"Bwawa lilipasuka miaka tisa iliyopita," Nobuaki akasema polepole. "Nilikuja kusaidia kubeba magunia ya mchanga."

"Ndiyo," nikasema. "Yalikuwa magunia mazuri."

Akamgeukia mama yake. "Mama, huyu bwana anazihitaji mboga zako, au hazihitaji?"

Nilitaka kusema kitu, Sanae akanifinya paja. Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Mama wa watu alinikabidhi kazi moja, ya kuonekana sijui kitu, kazi ambayo kijiji kizima kingeapa kwamba nimezaliwa nayo, nami nimeshindwa kwa sababu ya kujionyesha. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimemtoa nyumbani kwake.

Bi Fusae akaweka bakuli chini.

"Hazihitaji," akasema. "Wala kabichi aliyonishukuru mara ya kwanza haikuwa yangu. Wala matango. Alikosea, na mimi nikaona haya kushukuriwa kwa kitu ambacho sikufanya, nikaingia shambani nikifanye." Akafuta ukingo wa meza kwa kiganja. Tulidhani amemaliza. "Nilipoingia sikutaka kutoka. Sitaki kwenda Osaka, Nobuaki. Chumba ni kizuri, nimeona picha. Na wewe ni mtoto mwema. Sitaki."

Kwa miaka yangu yote kumi na sita, ambayo sasa nilikuwa nimerudishiwa, sijawahi kumsikia mtu wa rika lake akimwambia mwanawe sitaki mara mbili bila kuizungusha.

"Mbona hukuniambia?" Nobuaki akauliza.

"Ulikuwa umeshapaka chumba rangi."

Nobuaki aliinama akatazama meza. Alichukua kipande cha biringanya ya kuchoma, akala. Akachukua kingine. Alikula sahani nzima, taratibu, na mama yake alikuwa anamtazama kama alivyokuwa anawatazama watoto wa shule, kuona nani anataka kuongezewa. Kisha Nobuaki akageuka kwa magoti mpaka akanielekea mimi, akaweka viganja viwili kwenye mkeka.

"Bwana Baruku," akasema, "mimi nikiwa Osaka siwezi kujua asubuhi kama mama ameamka au la. Mboga zikifika mlangoni kwako, ukinijulisha, nitajua ameamka. Najua huzihitaji. Lakini nakuomba, tafadhali, endelea kuzila."

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nami nikainama, machozi yananitoka na sikujali nani anaona, nikamwahidi kwamba nitakula kila siku, kila moja, mpaka ya mwisho. Sanae aliniwekea mkono mgongoni. Yeye peke yake mle ndani alijua kwamba tangu niko mtoto Pangani, biringanya hainipiti kooni.